Panya na Mwaka wa Mia Nne na Kumi na Moja

Mimi Zabdaya, mwandishi wa lango la magharibi,
nauza maneno kwa mstari, na kimya kwa bei ya juu zaidi.
Haya nayaandika nyuma ya hati iliyoharibika;
ngozi ya mbuzi haitupwi.

Asubuhi alikuja Nikanori, deni mkononi.
Nyuma yake Batnanaya, mjane wa Absaya mfinyanzi,
udongo haujamtoka kuchani.
Hakuleta machozi.

Hati ilisema: mwaka wa mia nne na kumi na moja
Absaya amekopa drakma mia moja, kwa riba.
Kisha tundu.
Mstari wa pili umeliwa na panya.
Hajui kusoma, ila alijua pa kuuma.

"Mwaka huu ni wa mia nne tisini na moja," akasema Nikanori.
"Toa mwenyewe. Miaka themanini!
Riba imezaa, imejukuu, imepata vitukuu.
Nataka nyumba, na tanuri lake."

Nilicheka, miungu inisamehe.
Absaya niliogelea naye Furati tukiwa uchi wa utoto.
Miaka themanini nyuma
baba yake mwenyewe alikuwa hajaota jino.

Nikamwambia: Nikanori,
mwaka katika mji huu ni punda wa kukodi,
kila anayempanda humpa jina.
Babu zako Wamakedonia walianza kuhesabu
mfalme wao alipoingia Babeli.
Mfalme akafa, mwanawe akafa, kiti kikavunjika,
hesabu ikaendelea kutembea peke yake
kama mtu aliyesahau alikotumwa.
Waparthi nao wakaanzisha yao,
nyuma ya yenu kwa miaka sitini na minne.
Walipotutawala tuliandika zote mbili:
yao juu, yenu chini,
na huko chini ndiko panya alikokula.
Sasa wapo Warumi, ambao mwaka hawaupi hata nambari,
huuita kwa majina ya mabwana wawili
ambao hapa hakuna aliyewaona.
Majina hufika yamechelewa, yana vumbi la njia,
na mpaka yafike naacha nafasi tupu.
Hanina muuza manemane huhesabu tangu Hekalu lao liungue.
Mia na kumi, husema,
na hapo hushusha sauti kama aliye karibu na mgonjwa.

"Hadithi nzuri," akasema Nikanori. "Thibitisha."

Sikuweza.
Ushahidi ulikuwa tumboni mwa panya.

Ndipo Batnanaya akafungua kinywa:
"Alikopa mwaka wa mvua ya mawe.
Mawe kama mayai ya njiwa.
Mitungi mia mbili ilikuwa uani ikikauka,
haukubaki hata mmoja. Angekopa kwa nini kingine?
Mtoto huyu mlangoni alikuwa tumboni.
Mtazame. Ana miaka themanini?"

Binti akajitanda shela, kwa aibu au kwa kicheko.

Nikafungua sanduku la marehemu baba yangu,
nikapiga chafya, nikachakura mpaka adhuhuri.
Mkataba wa shamba la mizabibu, ng'ambo ya mto:
*kodi imepunguzwa nusu, mvua ya mawe imeharibu matunda.*
Juu, mia nne na kumi na moja.
Chini, mia nne sabini na tano.
Mzima, hauna jino la panya.

Kumi na sita, basi.
Nikanori akahesabu kwa vidole, vikamwishia,
akaanza upya na mkono wa kwanza.

Nikaandika hati mpya.
Mabwana wawili wa Roma, mwaka wa Wamakedonia,
wa Waparthi pia, maana mpaka huu haukai mahali pamoja.
Batnanaya akainama juu ya wino mbichi.
"Na wangu uko wapi?"
Nikasema sheria haiutambui.
Akanitazama
kama mtungi uliotoka tanurini na ufa.

Kwa hiyo hapa, upande ambao hakuna hakimu atakayeugeuza:
mwaka wa kumi na sita tangu mvua ya mawe.

Jibini nimeiweka kule, mbali na sanduku.
Panya naye ana haki ya chakula cha jioni.